Kabla hujaandika "piga WhatsApp tu", kagua vitu hivi

Wauzaji wenzangu, siku hizi naona matangazo mengi yanaishia na maneno haya: "Maelezo zaidi piga WhatsApp tu." Niseme ukweli wangu: kwa wengi wetu hayo maneno yanafukuza wateja. Simu za intaneti si mbaya, mimi mwenyewe nazitumia kila siku. Shida ni kwamba tunazitegemea bila kuziandalia vifaa na mtandao.

Jiweke upande wa mteja. Yuko Mbeya, wewe uko Dar. Hajawahi kukuona, duka lako ni picha tu, na unataka atume hela kwanza ndio mzigo upande basi. Cha kukupimia alichonacho ni sauti yako. Sasa ikatikekatike pale pale unapotaja bei na namba ya kulipia, atawaza nini? "Huyu tapeli." Anakata, ananunua kwa mwingine, wala hakwambii.

Wengi wanadhani dawa ni simu ya bei kali. Sikubaliani. Sauti ni mzigo mdogo: hata kwa hesabu ya juu inataka kama kilobiti 100 kwa sekunde kwenda na 100 kurudi, yaani kama MB 1.5 kwa dakika. Simu janja ya kawaida inaweza. Kinachoua sauti ni mtandao unaoyumba. Video ikichelewa inasubiri, lakini maongezi hayasubiri.

Kwa hiyo hela yako ipeleke huku:

1. Pima mtandao pale unapofanyia kazi. Usiangalie kasi ya kushusha peke yake. Angalia kasi ya kupakia, maana ndiyo inayobeba sauti yako, halafu angalia ping. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ping inahesabu kwenda na kurudi, kwa hiyo ikifika 300 mtaanza kudakiana maneno. Chini ya 100 uko vizuri. Pima asubuhi, pima na saa mbili usiku watu wakiwa wengi mtandaoni.

2. Nunua hedifoni zenye maiki. Ukiongea kwa spika, mteja anasikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe pamoja na kelele za bodaboda.

3. Kama unatumia waifai, kumbuka umeme ukikatika na ruta inazima. Tafuta betri ndogo ya ruta, au uwe na bando kwenye simu la kukuokoa. Na usikae vyumba viwili mbali na ruta.

4. Kagua mpangilio wa kubana betri. Simu nyingi zinazima programu zilizolala, mteja anapiga na kwako haiiti. Iruhusu WhatsApp ifanye kazi muda wote.

5. Ukiwa kwenye simu ya mteja, sitisha kupakia video za bidhaa. Vinagombania njia moja.

6. Jihadhari na laini mbili. Kwenye simu nyingi, ukipokea simu ya kawaida kwenye laini moja, data ya laini nyingine inasimama. Ukiweza, kitochi kishike simu za kawaida na simu janja ibaki na WhatsApp.

Najua kuna atakayesema, "Mbona mteja anaokoa salio akipiga WhatsApp?" Kweli kabisa, na aliyeko Uingereza anaokoa zaidi. Lakini yupo mteja mwenye kitochi, yupo aliyeishiwa bando, yupo aliyeko kijijini ambako simu ya kawaida inashika na data haishiki. Hao nao wana hela. Ukiandika "tu", umewafungia mlango.

Msimamo wangu ni huu: weka njia zote mbili kwenye tangazo, namba ya kawaida na WhatsApp. Na bei, namba ya kulipia na jina litakalotokea, mwandikie mteja kwenye ujumbe hata kama mmeshaongea. Sauti imjengee imani, maandishi yamlinde asikosee.

Leo kabla hujaposti, mwombe rafiki aliye mkoa mwingine akupigie dakika tatu. Asikuhurumie, akwambie anakusikiaje. Kama hakusikii vizuri yeye anayekujua, mteja mgeni hatavumilia.