Mpiga foto wa Goma naye ni mwanahabari

Usiku wa tarehe 22/5/2021 Nyiragongo ilipotapika moto, mji ulikuwa unakimbilia Gisenyi na Sake. Vijana wenzetu wao walipanda pikipiki na kamera kuelekea Buhene. Na mpaka leo njo vile: pikipiki wanajilipia, bima hakuna, kwenye bariere wanaambiwa futa foto. Mgeni akifika wanamuonyesha njia, wanamtafsiria, kisha foto inatoka na jina la mgeni peke. Bana, tumechoka.

Tunadai: redaksio zinazonunua foto za Kivu zilipe mbele ya safari, ziandike jina la aliyepiga, na akikamatwa zisijifanye hazimjui. Nao viongozi wakataze bariere kunyang'anya kamera bila karatasi ya tribinali.