Tembo wa Tabora Mnadani

Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamefungiwa njia ya bahari na adui zao, walichapa sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Dhahabu ilitoka Sekenke, Iramba. Upande mmoja wa sarafu hizo yupo tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima. Leo tembo huyo hunadiwa Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola. Orodha za mnada hueleza kila mkwaruzo ulio mwilini mwake. Wachimbaji wa Sekenke hawamo.

Siwalaumu wakusanyaji, wao angalau wameitunza. Nawalaumu watunga sheria wetu. Tunapaza sauti kudai dinosaria wa Tendaguru aliyeko Berlin, ilhali Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Milango ya nakshi ilikumbukwa, ikapewa hadi 1940. (Naam, milango!) Sarafu ya Tabora haimo, labda Waziri aitangaze. Kuisogeza tarehe hiyo ni kazi ya kifungu kimoja tu bungeni. Nani amekiandika?