Wanaposhindana Watoto wa Tumbo Moja



Nyumba zetu nyingi zina watoto wawili waliofuatana, wanaosoma shule moja na kupenda jambo lile lile. Mmoja huleta ripoti nzuri, mwingine hushika mkia. Hapo ndipo ulimi wetu huteleza: "Mbona mdogo wako anaweza?"

Tumetazama filamu ya maisha ya kweli iitwayo *Venus and Serena*, iliyotoka mwaka 2012. Inawafuata Venus na Serena Williams wa Marekani, mabingwa wa tenisi waliopishana umri kwa miezi 15 tu. Wazazi wao, Richard na Oracene, walijifunza mchezo huo wenyewe ili wawafundishe binti zao katika viwanja vya umma huko Compton, California.

Filamu inaonyesha mwaka 2011, ambao ulikuwa mgumu kwao. Damu iliganda katika mapafu ya Serena, maisha yake yakawa hatarini. Venus naye aliambiwa ana ugonjwa wa Sjögren, unaoleta uchovu mwingi na maumivu ya viungo. Lakini mwaka 2012 walishinda pamoja, wakicheza wawili wawili, kombe la Wimbledon na dhahabu ya Olimpiki ya London.

Wakicheza mmoja dhidi ya mwenzake, walikutana mara 31. Serena, aliye mdogo, alishinda 19. Fikirini uchungu wa mkubwa aliyetangulia njia! Hata hivyo, mwaka 2002 huko Paris, Venus aliposhindwa na Serena katika fainali ya French Open, alichukua kamera, akasimama kati ya wapiga picha, akampiga picha mdogo wake akiwa na kombe.

Moyo wa namna hiyo hulelewa. Tukumbuke nyumba ya Isaka: baba alimpendelea Esau, mama akampendelea Yakobo, na ndugu wakatengana kwa chuki miaka mingi.

Basi tusimsifu mtoto mmoja kwa kumdharau mwenzake. Kila mmoja apewe pongezi kwa juhudi yake. Anayeshindwa tumfariji kwanza, kisha tumfundishe kumpa mkono mshindi. Tena tuwape kazi za kufanya pamoja. Dada hawa wakiwa upande mmoja walicheza fainali 14 za mashindano makubwa manne ya tenisi, wala hawakushindwa hata moja.

Mungu atujalie hekima ya kuwapenda wote sawasawa.