UCHAMBUZI: Mrabaha ukibadilika, nani anaukagua mfumo?

Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kwa mchimbaji wa Kalangalala, mjini Geita, mzigo wa Sh10 milioni uliokatwa Sh400,000 sasa ukawa wa kukatwa Sh700,000.

Sheria hubadilika kwa siku moja. Je, mfumo wa mtandaoni unaokokotoa makato?

Watengenezaji wa programu huandika majaribio yanayojiendesha: kompyuta inajifanya karani, inaingia kwenye mfumo, inajaza mauzo, inakagua jibu. Shida ni pale kila jaribio linaporudia hatua hizo zote. Fomu ikiongezwa ada mpya, unarekebisha majaribio 50, na moja halikosi kusahaulika.

Dawa ni visaidizi vya pamoja: kipande kimoja cha kuingia kwenye mfumo, kingine cha kujaza mauzo ya mfano. Majaribio yote yanaviita hivyo hivyo. Ukirekebisha pale, umerekebisha kote.

Ila kuna mtego. Kisaidizi kisiazime hesabu ya mfumo wenyewe kupata jibu sahihi, maana hapo mwanafunzi anajisahihishia mtihani. Jibu, Sh700,000, lipigwe kwa mkono na kuandikwa wazi kwenye jaribio.

Kwa mtengenezaji, kukosea kiwango ni tarakimu moja tu. Kwa mwenye duara, ni hela ya kulisha vijana wake.