Wakili asipofika, gharama zimfuate yeye

Ibara ya 62 ya Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inamhakikishia raia kufika mahakamani na mshtakiwa kutetewa. Lakini kutoka Namoto, mpakani kwenye mto Rovuma, hadi mahakamani Pemba ni zaidi ya kilomita 300, katika mkoa wa Cabo Delgado ulio vitani tangu Oktoba 2017. Mtu akifika huko, wakili wake asitokee na shauri likaahirishwa, nauli yake imepotea bure. Ng'ambo ya mto, Amri ya 9 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania inaruhusu dai kufutwa upande wa mdai usipofika, hivyo uzembe wa wakili humwangukia mteja asiye na kosa. Huo ni uonevu.

Mawakili watasema wao ni wachache, barabara hazipitiki, na mahakama mbili huwaita siku moja. Ni kweli, na mwenye udhuru asiadhibiwe. Ila udhuru hutolewa mapema, hata kwa simu. Aliyenyamaza alipe mwenyewe gharama za siku hiyo, nauli ya mteja ikiwamo. Akirudia, chama cha mawakili kimhoji. Tunaiomba Mahakama ya Mkoa wa Cabo Delgado ianze sasa.