Mkondo wa amali usiishie kwenye daftari

WAHENGA walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Tangu Januari 2024, mtaala mpya wa sekondari umeuchukua usemi huo kwa uzito wake. Wanafunzi wa kidato cha kwanza sasa wana mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Anayefuata mkondo wa amali husoma masomo ya kawaida kama Hisabati na Kiingereza, na pamoja nayo hujifunza fani ya kumpatia riziki, iwe kilimo, ufugaji, ujenzi, umeme au utalii.

Mkondo huo ulianza katika shule 96, kati yake 28 za Serikali na 68 za binafsi. Mwanafunzi akifaulu anatarajiwa kuondoka na vyeti viwili, cha Baraza la Mitihani (NECTA) na cha ufundi stadi kinachosimamiwa na NACTVET. Kundi la kwanza ni la kidato cha nne cha mwaka 2027.

Sisi tunauunga mkono mpango huu. Tunachohoji ni kitu kimoja: cheti cha pili kitapatikana kwa kazi ya mikono, au kwa kunakili maelezo ya kazi ubaoni?

Hatuulizi bila sababu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na katika miaka ya 1970 sekondari zetu zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Nia ilikuwa njema. Lakini katika shule nyingi shamba likageuka mahali pa kutumikia adhabu, karakana zikakosa vifaa, na mwanafunzi akaendelea kupimwa kwa kalamu peke yake. Mzazi naye akaona, na hakukosea sana, kwamba jembe la shule halimpeleki mtoto popote.

Tuchukue mfano wa Marangu, wilayani Moshi. Vihamba vimegawanywa kutoka baba kwenda kwa wana mpaka vingine havitoshi familia moja. Kijana wa hapo hawezi kuishi kwa kupanua shamba, kwa kuwa mlima hauongezeki. Anaweza kuishi kwa kuongeza thamani ya kile kidogo alichonacho. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), yenye makao Lyamungo, imetoa aina chotara za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Lakini mche bora haumsaidii asiyejua kupogolea, kuchuma iliyoiva tu, kumenya siku hiyo hiyo, kuchachusha, kuosha na kukausha kwenye vichanja. Kosa moja katika hatua hizo hushusha daraja la kahawa, na bei hushuka nayo.

Ujuzi huo haujifunzwi darasani. Hujifunzwa kwenye mtambo wa kumenya, msimu wa mavuno, chini ya jicho la mtu anayeijua kazi. Ndivyo ilivyo pia kwa utalii. Marangu ni lango la njia ya Kilimanjaro yenye vibanda vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo. Hoteli zilizoko chini ya lango hilo zinahitaji wapishi, wahudumu, mafundi umeme na watunza hesabu.

Uingereza ilipoanzisha cheti cha T Level mwaka 2020, iliweka sharti kwamba mwanafunzi afanye kazi kwa mwajiri kwa saa zisizopungua 315, takriban siku 45, la sivyo hapati cheti. Ugumu uliojitokeza huko ni kupata waajiri wa kuwapokea. Kama nchi yenye viwanda vingi inahangaika, sisi tusidhani nafasi zitajitokeza zenyewe.

Rai yetu kwa Serikali ni kwamba muda wa mazoezi kazini uwe sharti la cheti, uandikwe kwa saa, na fundi aliyemsimamia mwanafunzi awe na sauti katika alama zake. Mwajiri anayepokea wanafunzi apunguziwe tozo ya kuendeleza ufundi stadi (SDL), maana anafanya kazi ambayo tozo hiyo ilikusudiwa kuigharamia.

Vyama vya msingi vya ushirika, wenye mashamba makubwa na wenye hoteli nao wasisubiri barua. Waziendee shule zilizo jirani na waseme wanaweza kupokea wanafunzi wangapi, na lini. Ila tutahadhari: mwanafunzi wa miaka 15 si kibarua wa bei nafuu wala mpagazi. Apewe kazi ya kujifunza, vifaa vya kujikinga na msimamizi anayefahamika.

Kwa wazazi tunasema, amali si jalala la walioshindwa. Lakini hawataamini kwa kuambiwa na gazeti. Wataamini siku watakapomwona mhitimu ameshika kisu cha kupogolea au waya wa umeme, na jirani akamlipa kwa kazi hiyo. Serikali na waajiri wana jukumu la kuhakikisha wahitimu wa 2027 wanaifikia siku hiyo.