Mjue Muuzaji Kabla ya Kuijua Motokaa

Kila mwaka, mnamo mwezi wa Oktoba, wakulima wa chai hupokea malipo yao makubwa, ambayo wengi huyaita bonasi. Katika Kisii na Nyamira fedha hizo, zikiongezwa juu ya akiba ya mwalimu au karani katika chama cha ushirika, huweza kutosha kununua motokaa iliyokwisha kutumika. Wauzaji nao wanaujua mwezi huo vizuri kama mkulima mwenyewe anavyoujua.

Kosa la wengi ni kuitazama motokaa kwanza, na muuzaji baadaye. Rangi hupakwa kwa siku moja, lakini jina jema hujengwa kwa miaka mingi. Basi mnunuzi na awatafute watu walionunua kwa muuzaji yule miaka miwili iliyopita, awaulize maswali mawili: Je, hati zilikuja kwa wakati? Na gari lilipoharibika, muuzaji alipokea simu? Watu wa Keroka na Nyansiongo hawakosi jamaa wa kuwajibu.

Jambo kubwa zaidi ni kitabu cha gari, yaani logibuku. Sheria ya Barabarani ya Kenya husema kwamba yule ambaye jina lake limeandikishwa ndiye ahesabiwaye kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tena gari lililouzwa halipaswi kutumika barabarani kupita siku 14 kabla ya mwenyewe mpya kuandikishwa. Kwa hiyo mkulima aliyelipa fedha zote bila kuhamishiwa jina ana funguo tu mkononi. Kama muuzaji aliliweka gari rehani, mdai wake aweza kuja kulichukua, hata likiwa limepakia ndizi za kwenda soko la Daraja Mbili. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kinga ipo, wala si ya gharama kubwa. Kabla ya kutoa hata arubuni, mnunuzi achukue namba ya gari na kutafuta jina la mwenyewe katika daftari la NTSA, kwa njia ya eCitizen. Asiyejua kutumia mtandao atasaidiwa katika Huduma Centre. Tangu sheria ya mwaka 2017, rehani za mali inayohamishika nazo huandikwa katika daftari la Serikali, na mtu yeyote aruhusiwa kulitazama. Jina likiwa si la muuzaji, mwenyewe na aletwe ana kwa ana. Fedha zilipwe katika akaunti ya benki ya kampuni, wala si katika simu ya dalali, na risiti itolewe. Muuzaji mwaminifu huanzisha uhamisho wa jina upesi, kwa sababu gari likifanya ajali likiwa bado katika jina lake, yeye ndiye atakayetafutwa kwanza. Asemaye “kesho” kila siku ana sababu anayoificha.

Magari mengi hutoka Japani. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza, na gari hukaguliwa huko kabla ya kupakiwa melini. Hati ya kutoka Japani huonyesha tarehe ya kuandikishwa, namba ya chesisi na kilomita zilizokwisha kwenda. Namba hiyo ilinganishwe na ile iliyochongwa kwenye chuma. Ikiwa hati yasema kilomita 140,000 na mita yaonyesha 60,000, muuzaji huyo hana haja ya kuulizwa swali jingine.

Mwisho, mnunuzi aende na fundi wake mwenyewe, asubuhi, injini ingali baridi. Gari lipandishwe mlima likiwa na watu ndani, lisimamishwe katikati ya mteremko, na breki ya mkono ijaribiwe. Milima ya Gusii na matope yake hufichua klachi iliyochoka na injini ipatayo joto upesi, mambo ambayo uwanja tambarare wa muuzaji hauwezi kuonyesha.

Muuzaji akikataa daftari litazamwe, au fundi asiguse gari, au risiti isiandikwe, mnunuzi na arudi nyumbani na fedha zake. Magari mengine yapo. Lakini bonasi nyingine itangojwa mwaka mzima.